Fungu la starehe

Mimi ni mtu wa kuweka akiba. Kikoba sikosi, vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, nanunua kila mshahara ukiingia, na kwa miaka mingi kutoa hela ya starehe kulinifanya nijione naiba. Kilichonisaidia ni kuitengea starehe fungu lake, sawa na ada na kodi ya nyumba. Ikishatengwa, kazi yake ni kutumika tu.

Mwezi huu fungu hilo limempandisha mama treni ya SGR, Dar hadi Dodoma. Alikaa dirishani, tulipofika Morogoro akanionyesha milima ya Uluguru huku akisimulia safari za basi za ujanani. Sikufungua simu kuangalia salio. Jamani, nimefurahi mno! Desemba tunaenda tena, na shangazi yumo.