Kozi ya uokoaji, Nungwi

Watu hudhani ugumu wa kuzamia uko kwenye kwenda chini. Kwenda chini hata jiwe linakwenda. Kozi ya uokoaji wa wazamiaji niliyomaliza Nungwi, Zanzibar, ilinitoa jasho juu ya maji.

Zoezi lenyewe: mwenzako anajifanya amezimia. Unamlaza chali, unajaza hewa jaketi lake la kuelea, unamvua miwani, kisha unampulizia pumzi moja kila sekunde 5 huku ukimvuta kuelekea kwenye boti. Kati ya pumzi na pumzi unafungua mikanda, mtungi, vyuma vya uzito vya kiunoni. Kifungo kikigoma, hesabu imekupita, unaanza upya. Na mimi nikapewa jamaa wa miraba minne, siku ambayo upepo wa kusi umeamka vibaya.

Mwalimu wetu, mtoto wa mvuvi wa palepale, hapandishi sauti. "Haraka ya nini, dada? Pumzi kwanza, mikanda baadaye."

Chini nako kuna lake. Kwenye mita 30 mgandamizo ni mara 4 ya ule wa juu, hivyo kila pumzi inakula hewa mara 4. Mtu akibabaika huko, mtungi unakwisha unaona. Yakimkodoka macho, mshike mkono, mtulie, mpumue pamoja. Asikimbilie juu huku amebana pumzi, mapafu hupasuka.

Mabega bado yananiuma. Siku hizi nikipanda boti, swali la kwanza ni oksijeni ya huduma ya kwanza imewekwa wapi. Manahodha wananiona msumbufu, na wataendelea kuniona hivyo.