Imegandia wapi?

Mteja akinipigia kuniambia video ya harusi yake inaganda, simwambii alete flashi. Namuuliza: imegandia wapi? Irudishe nyuma kidogo, iache ifike tena hapo. Imegandia palepale au imehama?

Wengine hudhani nakwepa kazi. Lakini ikigandia sekunde ileile kila mara, kuna kipande cha faili kimeharibika, au kopi aliyonayo ilikatika njiani. Ikigandia hapa sasa na pale baadaye, faili mara nyingi ni zima. Flashi ndiyo inasoma kwa kusuasua, au laptopu imezidiwa. Na kama inakwama kwenye TV ila kwenye laptopu inacheza vizuri, basi TV haielewi kilichopewa.

Mama mmoja wa bwana harusi alinipigia Jumapili, sebule imejaa wageni.

"Mwanangu, mkwe wangu kafumbua mdomo anasubiri keki, hiyo keki haifiki!"

"Shikamoo mama. Hebu rudisha nyuma kidogo."

Akarudisha. Keki ikagoma tena palepale. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo flashi niliyowakabidhi. Siyo, mdogo wake bwana harusi alikopi kwenye yake, ya GB 128, kainunua stendi kwa bei ya kutupa. Hapo sikuhitaji kuuliza zaidi.

Flashi hizo zimechezewa ili zidanganye kompyuta. Ndani kuna nafasi ndogo, lakini zinajitambulisha kuwa ni kubwa. Unakopi, mstari unafika mwisho, jina la faili unaliona, ukubwa wake unauona, kila kitu sawa. Kumbe vilivyozidi nafasi ya kweli vimepotea au vimeandikwa juu ya vingine. Ndiyo maana kuingia kanisani kulionekana safi, ukumbini mambo yakaharibika. Waliponiletea niliipima kwa H2testw, programu ya bure ya Windows inayoijaza flashi data halafu inaisoma yote kuhakiki. Ilikuwa GB 8, na katuni za wajukuu zilishakula nusu. Faili langu kwenye hadidiski halikuwa na tatizo lolote. Wenye Linux au Mac watumie F3, kazi ni ileile.

Tukiacha flashi feki, kesi nyingi zinazonifikia ni za kodeki, yaani namna picha au sauti ilivyobanwa. MP4 ni kiroba tu. Ndani yake video inaweza kuwa H.264, ya tangu 2003, ambayo karibu kila TV inaisoma, au H.265, iliyokuja 2013, ambayo TV nyingi za zamani zinaikataa: unasikia MC anachekesha lakini kioo ni cheusi. Ikiwa ni kinyume chake, picha ipo na sauti hakuna, angalia sauti. Huenda imebanwa kwa DTS, na TV yako haina ruhusa ya kuicheza. Kubadilisha jina kutoka .mkv kuwa .mp4, kama vijana wanavyoshauriana, ni kuandika neno jipya juu ya kiroba kilekile.

Fungua faili hilo kwa programu ya VLC kwenye kompyuta. Ikicheza, faili ni zima, TV ndiyo haiielewi kodeki. Bonyeza Ctrl+J, itakuonyesha kodeki ya picha na ya sauti. Mimi baada ya hapo naigeuza video kwa programu ya ffmpeg, kwa amri hii:

ffmpeg -i harusi.mkv -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -c:a aac harusi.mp4

Hiyo yuv420p, inayoshusha rangi hadi biti 8, msiiruke. Baadhi ya kamera za siku hizi zinarekodi rangi za biti 10, na TV inayosoma H.264 ya kawaida inaweza kushindwa na hizo. Anayeogopa dirisha jeusi la amri atumie HandBrake, programu ya kugeuza video kwa kubonyeza vitufe.

Kina shangazi wenye iPhone nao wana sehemu yao. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, simu hizo zinaweza kurekodi kwa H.265, na laptopu ya zamani ikipewa klipu ya 4K ya namna hiyo, sauti inakimbia na picha inafuata kwa kuchechemea. Kwenye mipangilio ya kamera kuna sehemu ya Formats. Ukichagua Most Compatible, simu inarudi H.264. Nawaomba wafanye hivyo kabla ya sherehe. Hawafanyi.

Ninaloliogopa mimi ni faili lisilofunguka kabisa. Kamera inaporekodi MP4, kwa kawaida ile orodha inayoeleza kila fremu iko wapi huandikwa mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Betri ikikata kabla ya hapo, unabaki na GB kadhaa za picha halisi ambazo hakuna programu inayojua pa kuanzia. Ikikutokea, usirekodi kitu kingine kwenye kadi hiyo, na usiifomati hata kamera ikikuomba. Kopi kila kitu kwanza. Halafu rudisha kadi kwenye kamera ileile, maana baadhi ya kamera zinalitengeneza faili zenyewe zikiwashwa. Ikishindikana kuna programu ya untrunc: unaipa faili bovu pamoja na faili zima lililorekodiwa na kamera hiyohiyo kwa mipangilio hiyohiyo, inajaribu kuunda upya orodha iliyokosekana. Mara nyingine inarudisha karibu yote, mara nyingine picha zinatoka zimepasuka na sauti imehama.

Tatizo la ukubwa ni rahisi. Harusi ya saa mbili kwa Mbps 8 (megabiti 8 kila sekunde) inakaribia GB 7, na flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hata kama nafasi ipo tele. Ninafomati kwa mfumo wa NTFS, kwa sababu ule wa exFAT unakataliwa na TV kadhaa za mtaani kwetu.

Flashi siku hizi naitoa mimi, bei yake imo kwenye malipo ya kazi. Anayeng'ang'ania kuleta ya kwake naipima kwanza, na kama ni ya GB 128 aiache hadi kesho, kwa sababu H2testw haina haraka na mtu.