Nilivyoandika wasifu wa mzee wetu wa duka kwa siku mbili

Mzee alifariki Jumanne asubuhi. Jumatano usiku binti yake mkubwa akanipigia simu, akaniambia kaka, tumekaa kama familia tumeona wasifu wa baba uandike wewe na usome wewe, maana wewe ndo umeshinda naye dukani kuliko sisi wote. Mazishi Jumamosi. Nikamjibu sawa dada, pole sana, nitaandika. Simu ilipokatika nikabaki nimekaa kitandani sijui hata naanzia wapi.

Niseme kwanza huyu mzee ni nani kwangu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kwenye mji wetu mdogo, mimi niliingia pale nina miaka 19 kubeba simenti, nikatoka baada ya miaka 11 nikiwa najua hesabu, najua mbao, najua kuongea na mteja. Na ukiacha duka, mzee alikuwa mtu wa kujitolea miaka yote, Msalaba Mwekundu, uchangiaji damu, madawati ya shule, mafuriko yakija yeye ndo wa kwanza kutoa sepetu na toroli za dukani bila kuuliza zitarudi lini. Kwahiyo unaweza kusema kazi ilikuwa rahisi, mtu kama huyo maneno si yapo tu. Hapana. Ndo ilikuwa ngumu zaidi.

Usiku ule niliandika kurasa mbili. Asubuhi nikazisoma nikaona sijamwandika mzee hata kidogo. Nilikuwa nimeandika alikuwa mchapakazi, mpenda watu, mcheshi, nguzo ya jamii, yaani ungefuta jina lake ukaweka la mtu mwingine yeyote na hakuna ambaye angeshtuka. Iliniuma kweli. Mtu amefungua duka saa 12 na nusu asubuhi miaka na miaka halafu aagwe kwa maneno ya kuazima? Nikazichana nikaenda kwa watu.

Hapo nikakutana na ishu ya pili. Kila niliyemuuliza mzee alikuwa mtu wa namna gani ananijibu yale yale niliyoyachana. Alikuwa mtu wa watu. Hakuwa na makuu. Wanasema kwa moyo kabisa, machozi yanawalenga, lakini ukirudi nyumbani daftari lako halina kitu. Nilipofika kwa mama mmoja wa cherehani, jirani na duka, nikabadilisha swali bila kupanga, nikamuuliza mama, mara ya mwisho kuonana na mzee ilikuwaje? Akanyamaza kidogo. Akasema mara ya mwisho alikuja hapa ameshika skrubu moja, akaniambia nimesikia mashine yako inapiga kelele tangu juzi, akainama akafunga hiyo skrubu, akaondoka. Basi. Alikuwa ameisikia mashine kutoka upande wa pili wa ukuta siku mbili nzima, akaitafutia skrubu yake.

Kuanzia hapo nikawa nauliza hivyo tu. Ilikuwaje mara ya kwanza, ilikuwaje mara ya mwisho, alisema nini, alikuwa ameshika nini. Hilo swali la alikuwa ameshika nini usilidharau, linafungua watu vibaya mno, kwa sababu mtu akikumbuka kitu kilichokuwa mkononi anakumbuka na maneno yote. Karibu wote waliniambia futikamba. Kweli, alikuwa na futikamba ya chuma ambayo namba za mwanzo mwanzo zilishafutika kwa kidole gumba, akawa anaanzia kupima kwenye 10 halafu anatoa.

Mambo ya hesabu nayo yalinisumbua. Duka lilifunguliwa lini? Mdogo wake akasema miaka 40 kamili, mwenyekiti wa mtaa akasema 35, mama mwenyewe, yaani mjane, akasema alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Nikaomba kufungua sanduku la chuma la mzee, tukakuta leseni zote za biashara zimefungwa kwa kamba tangu ya kwanza, tukahesabu, miaka 38. Na mama ndo alikuwa sahihi, mtoto wa tatu kazaliwa mwaka uleule.

Halafu kuna la damu. Mjini wanasema mzee alichangia damu mara 300, hadi nimeshaambiwa hiyo namba iandikwe kwa herufi kubwa. Mimi nilikuwa naenda naye, najua mwanaume anachangia kila baada ya miezi 3, kwahiyo kwa mwaka ni mara 4 basi, na umri wanaoruhusu kwa kawaida ni 18 mpaka 65. Hata angeanza siku aliyotimiza 18 asikose hata mara moja, ni 188. Kadi zake tulizikuta kwenye sanduku lilelile. Mihuri 74. Kuna ndugu hakupenda, akasema acha tu 300 ipendeze. Nikamwambia mjomba, 74 ni za kweli, kila moja ni karibu mililita 450 ametoa mkononi mwake, tukidanganya hapo hata hizi 74 watu watazitilia shaka. Akakubali. Na muhuri wa mwisho ulikuwa wa mwaka aliotimiza 65, kuna watu walikuwa wanasema mzee aliacha kwa kuchoka, kumbe umri ndo ulimkatalia. Baada ya hapo alikuwa anaenda hivyohivyo, anakaa kwenye benchi na vijana wanaoogopa sindano, anawapigisha stori mpaka wanamaliza.

Stori aliyokuwa anaipenda pale kwenye benchi ni ya Henry Dunant. Niliisikia labda mara hamsini. Kwamba Msalaba Mwekundu haukuanzishwa na daktari wala mwanajeshi, ulitokana na mfanyabiashara wa Geneva ambaye mwaka 1859 alikuwa anamfuata Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, kwa mambo ya biashara zake za Algeria, akafika karibu na Solferino kule Italia akakuta vita imetoka kupiganwa, maelfu ya majeruhi wamelazwa hadi makanisani kwenye kamji kanaitwa Castiglione na wa kuwahudumia hawatoshi. Akaanza kuwapanga wenyeji, akina mama wengi, kuosha vidonda na kugawa maji bila kuangalia huyu wa upande gani. Miaka minne baadaye, 1863, ikaundwa kamati Geneva. Mzee alikuwa akifika hapo anainua kidole, anasema lakini biashara yake ikafa, 1867 akafilisika, na Nobel ya amani ya mwaka 1901 ilimkuta mzee maskini. Mimi nataka nijitolee na duka lisife, ndo maana sitoki hapa jioni mpaka hesabu ikae sawa. Na kweli hakuwahi kutoka kabla ya hesabu kukaa sawa, hata siku za mafuriko.

Nilitaka niiweke yote hiyo kwenye wasifu. Nikaisoma kwa sauti nikapima na simu, jumla dakika 14. Nimepewa 7. Ikabidi nikate, na kukata ndo kazi yenyewe hasa. Dunant akabaki sentensi moja. Vyeo vya kwenye kamati nikavitaja kwa pamoja, maana wanaovijua wanavijua. Madaftari ya madeni niliyapitia yote, kuna mistari mingi mzee ameikata kwa penseli akaandika "tayari" na mimi nilikuwepo, najua wale hawakulipa. Hayo sikuyaandika kwa majina wala kwa kuashiria. Mtu amesamehewa kimyakimya, siwezi kwenda kumtangaza mbele ya umati. Niliandika tu kwamba daftari lake lilikuwa na mistari iliyokatwa mapema, nikajua wahusika wataelewa.

Ijumaa mchana nikaenda kwa mtu niliyekuwa namkwepa. Fundi mmoja mzee, mwashi. Nilipokuwa na kama miezi minne dukani nilimpimia misumari pungufu, nikabonyeza mizani kwa kidole, ile tofauti nikaitia mfukoni. Mzee aliona. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alipima misumari iliyopungua mbele yangu, polepole, akaifunga kwenye gazeti, akanipa, akasema mpelekee mwenyewe, kwa miguu, umwambie ulivyofanya. Kilomita kama sita. Nilienda, nikasema, nikarudi usiku. Kesho yake mzee hakuligusa tena lile jambo, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Nikamkuta fundi amekaa nje. Shikamoo mzee. Marahaba kijana wangu, nilijua utakuja. Nikamuuliza lile swali, mara ya kwanza ilikuwaje, akacheka kidogo akasema mara ya kwanza kumjua vizuri ni siku ile ya misumari yako. Maana ulipoondoka tu, haijapita nusu saa, naye akaja na baiskeli. Aliuliza, kijana amefika? Nikamwambia amefika. Amesema mwenyewe? Nikamwambia amesema mwenyewe, huku analia. Akakaa hapo ulipokaa wewe, akaniambia naomba usimtangaze kwa mafundi wenzako, huyu nitamfundisha. Halafu akarudi kwa njia ya nyuma ili msikutane.

Miaka yote hiyo sikujua. Nilikaa pale nimeshika kalamu sijaandika kitu, fundi naye hakunihimiza.

Usiku nikaandika upya. Nikaanzia na skrubu ya mama wa cherehani, hakuna kuzaliwa wala elimu pale juu, hayo nikayaweka katikati kwa ufupi. Misumari nikaiweka mwisho, na nikasema wazi kwamba huyo kijana ni mimi. Nilimpigia dada kumuomba ruhusa kwa sababu ni msiba wao, sikutaka waone nimejiweka mbele. Akaniambia soma kaka, baba angekuwa hai angekataa ila soma.

Kwa anayepewa kazi kama hii naomba nimwambie vitu vichache vilivyonisaidia siku yenyewe. Niliandika kwa herufi kubwa, upande mmoja tu wa karatasi, kila mstari unaishia pale ninapovuta pumzi, na kurasa nimeziwekea namba bila kuzibana kwa pini maana upepo na mikono inayotetemeka haviendi na pini. Nilisoma kwa sauti mara tano nyumbani, na kila mara sauti ilikatika palepale, kwenye baiskeli, basi nikaweka alama ya penseli pale, nikijua nikifika nasimama, nameza mate, ndo naendelea. Na nakala ya pili nikampa mjukuu wa mzee asimame pembeni yangu, tukakubaliana nikishindwa anapokea. Kujua tu yupo kulinipa nguvu.

Sauti ilikatika kweli, na alama nilikuwa nayo. Nikasimama. Kimya kikawa kirefu kuliko nilivyofanya mazoezi, mjukuu akaanza kukunjua karatasi yake, ndipo nikamsikia fundi kutoka nyuma kabisa, sauti ya kawaida tu kama anaomba chepeo, "Endelea, kijana wangu." Nikaendelea mpaka mwisho. Dakika 7 na kidogo.

Tulipomaliza kuzika watu wakaanza kunifuata, kila mmoja na lake, mmoja aliwekewa mlango bure, mwingine alifundishwa kufunga bendeji, kuna dada alisema yeye ni mmoja wa wale wa kwenye benchi. Nikawa naandika nyuma ya kurasa za wasifu mpaka zikajaa. Nimenunua kaunta buku sasa, nimeshafika watu 23, najitahidi kuandika kwa maneno yao wenyewe, familia wameniambia lita­kaa kwenye lile sanduku la chuma pamoja na leseni na kadi za damu. Jumapili naenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, ndo mwenye hesabu ya madawati.