Jinsi nilivyoriseti kamera ya ulinzi ya nyumbani

Kamera ya mama pale Mikindani iligoma baada ya ruta kubadilishwa. Ilikuwa bado inatafuta Wi-Fi ya zamani. Kwanza nilichomoa memori kadi, maana video za stoo ya korosho hatutaki zipotee. Kitufe cha riseti, yaani cha kuirudisha kamera kwenye mipangilio ya mwanzo, kilikuwa chini ya kifuniko cha mpira, kando ya tundu la kadi. Kamera ikiwa imewashwa, nilikibonyeza kwa kile kipini cha kutolea laini ya simu, nikakishikilia mpaka taa ikaanza kuwaka na kuzima. Kugusa na kuachia hakusaidii kitu. Kwenye programu ya simu nikachagua Wi-Fi ya masafa ya GHz 2.4, kwani kamera nyingi za namna hii hazishiki GHz 5. Ukinunua kamera ya mtumba, mwenyewe wa kwanza aiondoe kwanza kwenye akaunti yake. Vinginevyo huenda ikakataa kusajiliwa hata baada ya kuiriseti.