Nyumba ya msiba isiyo na watu: kwa nini nimeipenda Hereditary

Nimeipenda Hereditary, filamu ya kutisha ya Kimarekani, na nalisema hilo nikijua kwamba wengi walioiona hawatakubaliana nami. Nchini Marekani, ilikoanza kuoneshwa kwenye majumba ya sinema tarehe 8 Juni 2018, wahakiki waliimwagia sifa, ilhali watazamaji wa kawaida waliohojiwa na kampuni ya CinemaScore walipokuwa wakitoka ukumbini waliipa alama ya chini, D+. Mgawanyiko huohuo ulikaa katika safu yetu ya viti. Mtoto wa ami yangu, niliyevuka naye kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam kuitazama, alianza kuguna mapema kabisa, na taa zilipowashwa akaniuliza kwa sauti iliyowafikia watu wa nyuma: "Yakhe, hii ndiyo tuliyoipandia boti?"

Kuvuka kulikuwa hakuna budi. Cine Afrique ya Malindi na Majestic ya Vuga, hapa Unguja, ni majumba ya sinema ambayo watu wa rika langu tunayajua zaidi kwa masimulizi ya wazee, na tamasha la filamu la ZIFF pale Ngome Kongwe huja mara moja kwa mwaka na filamu za namna nyingine. Asiyeiona Hereditary na anayetaka kuiona aishie hapa, kwa kuwa siwezi kueleza nilichokipenda bila ya kufichua yaliyomo.

Hii ni filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Ari Aster. Annie, anayeigizwa na Toni Collette, ni msanii wa kutengeneza vijumba vidogo vyenye kila kitu ndani, kuanzia taa hadi shuka za vitanda, na filamu inaanza kwa kamera kukisogelea chumba kimojawapo taratibu mpaka mlango unafunguliwa na baba anaingia kumwamsha mwanawe. Siku hiyo wanamzika mama yake Annie. Annie anasimama mbele ya waombolezaji na kushangaa kuona nyuso nyingi ngeni, za watu ambao yeye, mtoto wa marehemu, hawajui. Wakati huo nililichukulia jambo hilo kuwa dogo.

Baada ya hapo anakufa binti, Charlie, na ni kifo kinachogawanya watu ukumbini. Kaka yake, Peter, ndiye aliyekuwa akiendesha gari usiku ule. Aster haoneshi tulichokitarajia. Anaiacha kamera juu ya uso wa kijana aliyeshika usukani, asiyethubutu kugeuka kutazama kiti cha nyuma, kisha anamfuata akirudi nyumbani polepole, akiegesha gari, akipanda kitandani bila ya kumwambia mtu neno. Asubuhi tunamwona yeye tu, macho wazi, huku tukisikia mama akitoka kwenda kwenye gari, na baada ya hapo ukelele wake. Kijana wa safu ya mbele yetu alikuwa ametia mkono kwenye mfuko wa bisi, na mkono ule ulibaki humo humo mpaka tukio likaisha. Binamu yangu, ambaye hadi leo anasema filamu hii inakwenda mwendo wa konokono, hapo hakuguna.

Lakini kilichonitisha zaidi kilikuja baadaye, na sidhani kama Aster alikusudia kumtishia Mzanzibari. Ni ile nyumba baada ya mazishi. Kwetu mtoto akifariki, kabla ya maiti kuoshwa turubai limeshafungwa, mikeka imetandikwa, majirani wamejigawia masufuria, na kwa siku kadhaa wafiwa hawapati hata nafasi ya kukaa peke yao, jambo ambalo nimewahi kulilalamikia mwenyewe. Katika filamu hii wamebaki watu watatu ndani ya nyumba kubwa ya mbao, kila mmoja na chumba chake. Wanapokaa mezani kula, Annie anamlipukia mwanawe kwa maneno ambayo mzazi hayasemi, kijana anamjibu, na baba anabaki kama mgeni aliyekosea mlango. Hapana shangazi wa kuingia kati na kusema, "Basi, mwanangu, basi." Kijana anainuka na kuondoka, na hapana anayemfuata.

Mtu mmoja tu anakuja kumhani Annie, mwanamke wa makamo aitwaye Joan, mchangamfu, mwenye kumkaribisha kwake kwa chai na kumsikiliza kwa subira. Naye ndiye aliyetumwa kuwamaliza. Niliporudi nilimsimulia shangazi yangu kisa hiki, baada ya kunikemea kwanza kwa kulipa pesa kwenda kutazama mashetani, na hakuniuliza chochote kuhusu shetani mwenyewe. Aliuliza, "Na majirani zao walikuwa wapi?"

Swali hilo lilinikumbusha mambo ya Popobawa, shetani aliyesemwa kuwavamia watu usiku majumbani, ya mwaka 1995, yaliyoanza Pemba kisha yakaingia Unguja. Popote mtu anapoliweka jambo lile, kwenye uchawi, siasa za uchaguzi wa mwaka ule au hofu tupu, wanachokumbuka wakubwa zetu ni kwamba watu walitoka nje wakalala pamoja uwanjani, moto umekokwa, wanawake, watoto na wazee. Ami yangu husema kuna waliokuwa hawaamkiani kwa ugomvi wa kiwanja na usiku ule wakalala mkeka mmoja. Familia ya Annie inafanya kinyume kabisa: kila hofu inapozidi, kila mtu anajifungia kwake.

Walioichukia filamu hulalamikia zaidi nusu saa ya mwisho, pale inapobainika kwamba bibi alikuwa ameuahidi uzao wake kwa mfalme wa mashetani aitwaye Paimon, tangu wajukuu hawajajua kusema. Wengi huona kichekesho. Mimi nimekulia mahali ambapo si ajabu kusikia kwamba shetani wa bibi amemwangukia mjukuu. Tofauti ni kwamba kwetu shetani huulizwa anataka nini, na ukoo mzima huwapo kusikia jawabu. Hapa makubaliano yalifungwa zamani na aliyeyafunga amekufa. Mapema kwenye filamu kuna somo darasani kwa Peter, mwalimu akiuliza kama msiba wa shujaa Herakles unazidi au unapungua kwa kuwa hakuwa na hiari, na Peter hasikilizi kwa kuwa anamtazama msichana. Nilicheka hapo. Nadhani mimi peke yangu.

Usiku wa mwisho Peter anaamka kitandani, na juu yake, kwenye pembe ya ukuta na dari, mama yake amenata gizani. Hapana muziki wa kukushtua wala kamera haikusogezi. Ni juu yako kumwona. Mguno ulianzia safu za nyuma, ukaja kwetu, kisha mbele, kwa kadiri watu walivyokuwa wakimgundua, na kuna waliobaki wakiuliza wenzao wameona nini. Kwenye kompyuta, nyumbani, mguno huo usingekuwapo.

Kasoro zipo. Annie anapopekua vitabu na picha za mama yake tunaelezwa mambo ambayo tungeweza kuyaunga wenyewe, na kwenye kibanda cha juu ya mti sauti ya mwanamke inatangaza kila kitu mpaka mwisho. Pia wale wafuasi wa Paimon walio uchi walinitia aibu kukaa nao pamoja na jamaa yangu. Sote wawili tuliinamia simu. Binamu anashikilia kwamba lile taji analovishwa Peter mwishoni ni la maigizo ya shule, na sina hoja nzuri ya kumpinga. Mimi nilikuwa nimeshatishika tangu meza ya chakula. Tumekubaliana kwamba filamu nyingine ya Aster ikija Dar nitavuka peke yangu, na nauli ya safari hii bado anaidai.