Taa ya faiba ni kijani lakini intaneti haipo: nilivyopanga laini mbili ofisini Kijitonyama

Ruta ya laini mbili ikiachwa ilivyo, mara nyingi huhamia laini ya pili pale tu waya unapochomoka. Hapa Dar hitilafu ya namna hiyo ni nadra. Kinachosumbua ni taa ya modemu ya faiba kubaki kijani, modemu inajibu ping (ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu) vizuri, kumbe njia imekatika huko mbele. Mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipokatika tarehe 12 Mei 2024, modemu za watu zilikuwa nzima kabisa. Ruta lazima ipime kitu kilicho nje ya mtoa huduma.

Nilitumia ruta ya MikroTik hEX yenye RouterOS 7 (programu inayoiendesha): faiba poti ya kwanza, ruta ndogo ya 4G poti ya pili. Anza na anwani. Vyote viwili vilikuwa 192.168.1.1, na zikifanana hivyo hEX haiwezi kuzitofautisha, basi ya 4G nikaihamishia 192.168.8.1. Nikazima add-default-route kwenye DHCP ya poti zote mbili ili ruta isijiwekee njia yenyewe, nikaweka masquerade (kompyuta zote zitoke kwa anwani ya ruta) kwa zote, kisha njia nikaziandika kwa mkono:

/ip route
add dst-address=1.1.1.1/32 gateway=192.168.1.1 scope=10
add dst-address=9.9.9.9/32 gateway=192.168.1.1 scope=10
add dst-address=8.8.8.8/32 gateway=192.168.8.1 scope=10
add gateway=1.1.1.1 distance=1 target-scope=11 check-gateway=ping
add gateway=9.9.9.9 distance=2 target-scope=11 check-gateway=ping
add gateway=8.8.8.8 distance=3 target-scope=11 check-gateway=ping

Anwani 1.1.1.1, 9.9.9.9 na 8.8.8.8 ni seva za umma za nje ninazopimia, na njia yenye distance ndogo ndiyo hutangulia. Ping hutumwa kila sekunde 10, na mbili zikikosa jibu njia inafungwa. Faiba nimeipa shabaha mbili makusudi, ili 1.1.1.1 ikiyumba peke yake ofisi isihamie kwenye bando bure. Wanaonakili maelezo ya RouterOS 6 huacha target-scope ikiwa 10. Kwenye toleo la 7 njia hizo haziamki.

Kosa ninalolikuta kila mahali ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Hapo juu 8.8.8.8 imefungwa kwenye 4G. Kompyuta iliyowekewa 8.8.8.8 kwa mkono itauliza majina kupitia 4G siku zote, hata faiba ikiwa nzima, na bando likiisha kurasa hazifunguki. Anwani za kupimia zisitumike kwa kazi nyingine. Kompyuta zote nimezielekeza kwa ruta, na ruta inauliza 8.8.4.4 na 1.0.0.1, ambazo hufuata njia iliyo hai.

Kuhama kwa njia hakutoshi. Simu za mezani za SIP (zinazopiga kupitia intaneti) huendelea kutuma data kwa kumbukumbu ya zamani ya muunganisho iliyobaki ndani ya ruta, yenye anwani ya faiba, zinabaki bubu hata dakika kadhaa. Dawa ni kufuta kumbukumbu hizo. Niliweka Netwatch (kipimaji cha ndani ya RouterOS kinachoendesha amri seva ikizimika au ikirudi) ya aina ya simple kwa 1.1.1.1, na kwenye down-script na up-script zote mbili:

:delay 25s; /ip firewall connection remove [find]

Sekunde 25 ni za kusubiri njia ihame kwanza. Netwatch ya aina ya icmp ina kikomo cha awali cha muda wa majibu cha milisekunde 100, na ping ya kutoka Dar hadi seva ya Ulaya kwa kawaida huzidi hapo, hivyo itakutangazia kifo kisichokuwepo.

Unapojaribu, usichomoe waya wa LAN unaounganisha modemu na ruta. Hilo halithibitishi kitu. Chomoa ule waya mwembamba wa faiba nyuma ya modemu, usiguse ncha yake wala kuukunja, huku kompyuta ikituma ping mfululizo kwa 8.8.4.4. Kwangu majibu hurudi ndani ya nusu dakika. Kamera zinazotazamwa kutoka nje kwa kufungua poti hazitaonekana ukiwa kwenye 4G, kwa kuwa laini nyingi za simu hazitoi anwani ya umma.

Umeme nao. Modemu, hEX na ruta ya 4G vyote viwe kwenye UPS (betri ya akiba). hEX ya RB750Gr3 inapokea volti 8 hadi 30, kwa hiyo UPS ndogo ya volti 12 inaiwasha. Na ukinunua faiba ya pili badala ya 4G, fuata waya kwa macho mpaka barabarani. Kampuni mbili zikipita nguzo moja, lori moja litakata zote.