Wamemkataa, lakini hawajamrudisha

Swali ninaloulizwa sana hapa Wete, Pemba, siku hizi: kama Waingereza wamemkataa mdogo wako, mbona hawamrudishi? Ami kaniuliza, jirani kaniuliza, hata muuza samaki sokoni kaniuliza, maana khabari za mtu aliye Ulaya hapa hazina mwenyewe.

Mdogo wangu aliondoka baada ya uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2020. Waliokuwepo Pemba wiki ile ya vurugu hawana haja nieleze. Aliomba hifadhi, akasubiri, akakataliwa. Barua ilisema huku kumetulia, kwa kuwa Disemba ile ile Maalim Seif wa upinzani aliapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais na chama chake, ACT-Wazalendo, kikaingia serikalini. Ni kweli. Ila viongozi kupeana mikono ni jambo moja, na nani atakuja kugonga mlango wako usiku ni jambo jengine. Alipewa siku 14 za kukata rufaa, akakata, jaji naye akakataa.

Watu huku wanadhani baada ya hapo ni ndege tu. Kumbe kumrudisha mtu kwa nguvu kuna kazi yake: hana pasi, basi mpaka ubalozi umtambue na hati itoke. Wengi huachwa hapo hapo walipo, ila si kwa raha. Asiye na watoto, zikipita siku 21 posho inakatwa na nyumba anatolewa. Kufanya kazi haruhusiwi. Upo msaada mwengine, kwa viwango vya 2024 ni pauni 49.18 kwa wiki, zinaingizwa kwenye kadi ya kununulia vitu. Kuupata lazima aoneshe kuwa anajiandaa kuondoka, au ana sababu ya maana ya kutoweza. Yeye hataki kutia saini kuwa anarudi.

Basi analala kwenye kochi la rafiki, mwenye nyumba hana khabari. Asubuhi anatoka na begi lake, anashinda maktaba kwa ajili ya joto. Akipiga simu ya video kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, nyuma yake rafu ya vitabu, na anazungumza kwa sauti ya chini. Mama anafurahi. “Mwanangu anasoma, na kawa mpole.” Simwondolei hilo.

Siku ya kwenda kuripoti uhamiaji ndiyo hatulali, yeye kule na mimi huku. Wapo walioingia kuripoti wakatolewa kwa gari la kizuizini. Asipokwenda, anaandikwa mtoro. Akimaliza hunitumia neno moja: “Nimetoka.” Maradhi nayo. Daktari wa mtaani hamtozi, lakini kutibiwa hospitali kule England aliyekataliwa anaweza kudaiwa asilimia 150 ya gharama. Uskochi hawadai. Nikamwambia hamia Glasgow, akacheka mpaka akakohoa.

Ami anataka arudi achume karafuu. Kasikia kuna kurudi kwa hiari, nauli wanalipa wao na mtu huweza kupewa mpaka pauni 3,000 za kuanzia maisha, basi keshazipigia hesabu ya boti. Sikumjibu vizuri, Mungu anisamehe. Nauli ya kwendea ilitoka kwenye mikarafuu ya marehemu baba, tukaiweka rehani, na mpaka leo haijakombolewa. Ami anajua, yeye ndiye aliyekuwa shahidi. Na mikarafuu si kitu mbele ya aliyoyakimbia kijana.

Wakili anayemsaidia bila malipo kasema ukipatikana ushahidi mpya anaweza kupeleka maombi tena. Kwa hiyo wiki hii nahangaikia karatasi za matibabu ya mguu wake za mwaka ule. Karani kaniambia nije Jumatatu: madaftari ya 2020 yamefungiwa stoo, na mwenye ufunguo kaenda Unguja harusini.